Aliyekuwa Ukutani mwa Gereji

Bi Muriel Hatherley alikataa katakata mumewe kuguswa na mwanamke yule. Aliyasema hayo akiwa amesimama katikati ya zulia la Bwana Pym, mkoba ameukumbatia tumboni, na hakushusha sauti, ingawa mwanamke mwenyewe alikuwa hatua nne tu kutoka kwake, ameshika sinia la chai.

"Namjua huyu," alisema. "Namjua kuliko ninavyowajua wifi zangu. Kakaa ukutani mwa gereji ya Desmond miaka minane. Kila nikimpelekea mume wangu chakula cha mchana namkuta pale juu ya matairi, kifua wazi, ananichekea."

"Nadhani umemfananisha, Bi Hatherley," alisema Bwana Pym, mwenye nyumba ya mazishi, ambaye alijua vizuri kwamba mama yule hakumfananisha mtu. Kalenda ileile yenye picha za mwanamke huyo ilipata kuning'inia kwenye stoo yake ya majeneza, nyuma ya mlango.

"Sijamfananisha. Cherry. Ndilo jina lake, Cherry sijui nani."

"Lorraine," alisema mwenye sinia. "Lorraine Tuckwell. Pole sana kwa msiba, mama."

"Usinipe pole wewe."

Graham, mtoto wa marehemu, mwanaume wa miaka hamsini mwenye shingo nene, alikuwa akitazama viatu vyake kana kwamba amevinunua asubuhi ile. Ujana wake wote aliumalizia kwenye gereji ile, na mwezi wa Agosti wa ile kalenda aliuchana mwenyewe akaenda nao nyumbani. Wanaume wa kisiwa chetu cha Canvey ndivyo walivyo: macho wanayo miaka yote, ulimi unawapotea siku unapohitajika.

"Lorraine, nenda nyuma," alisema Bwana Pym kwa upole.

Akaenda nyuma na sinia lake. Ambacho kingemchekesha, kama angekuwa na moyo wa kucheka, ni kwamba Desmond Hatherley alikwisha kuguswa. Jana yake, Jumatatu, Lorraine alimwosha, akamnyoa, akamvisha suti ya kijivu, akamfunga tai. Mzee alitoka hospitali na ngozi ya manjano kama nta kuukuu. Lakini miaka kumi na mitano ya kusimama mbele ya taa kali ilikuwa imemfunza Lorraine jambo ambalo Bwana Pym, na vyeti vyake vyote, hakulijua: ukitaka kuificha rangi ya ngozi usipake sana, paka kidogo mara nyingi. Alimaliza saa mbili nzima kwenye uso ule.

Bi Hatherley aliingia kumwona mumewe peke yake. Alikaa humo muda mrefu, na alipotoka uso ulikuwa umelegea.

"Nani kamnyoa?"

"Kijana wetu," alisema Bwana Pym. Kijana wa aina hiyo hakuwapo.

"Ana mkono mzuri. Hata ile nywele ya sikioni kaiona. Mimi nimegombana na nywele ile miaka thelathini." Alifungua mkoba, akatoa noti ya pauni ishirini. "Mpe hii."

"Nitamfikishia."

Lorraine alikuwa nyuma ya pazia, anakusanya vikombe. Aliiona noti ikikunjwa mara mbili na kuingia kwenye mfuko wa kizibao cha Bwana Pym, naye akaliachia pazia.

Wageni walipoondoka, Bwana Pym alimwita. "Ijumaa utabaki ofisini. Simu nayo ni kazi."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake. Miaka miwili amebeba, amefua, amefagia, amesoma kozi ya jioni bila kumwambia mtu, na mwezi uliopita Bwana Pym alimwahidi kwamba maziko ya kwanza ya mwezi huu, yawe ya yeyote, atayaongoza yeye: atatembea mbele ya gari la maiti, kofia ndefu nyeusi kichwani na fimbo mkononi, hadi mwisho wa mtaa. Wiki mbili alikuwa akijifunza mwendo ule uani, kati ya mapipa na ukuta.

"Uliniambia ni mimi."

"Nilikuambia kabla hujatambuliwa, mpenzi." Alimpigapiga begani. "Wewe mwenyewe unaelewa."

Lorraine alielewa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

*

Nyumbani chakula kilikuwa samaki na chipsi, kwa sababu Clive, mumewe, alisema alishikwa na shughuli akashindwa kupika. Clive Tuckwell hakuwa amefanya kazi ya mshahara tangu mwaka tisini na nane. Ukimuuliza kazi yake alijibu "meneja", na ukimuuliza meneja wa nini alitazama dirishani. Alikuwa mmoja wa wale wanaume ambao mke akiwa na jina wao hulivaa kama koti, na koti likichanika hubaki wameshika mikono yake tu.

Mezani alikuwapo pia Mama Beryl, mama mzazi wa Lorraine, mwenye miaka sabini na mitatu, magoti mabovu na ulimi mzima.

"Basi sitaongoza Ijumaa," Lorraine alimaliza kusimulia. "Nitajibu simu."

Clive aliacha kutafuna. "Hutavaa kofia?"

"Sitavaa."

"Kabisa? Hata kusimama tu karibu na gari?"

"We kofia inakuhusu nini?" aliuliza Mama Beryl. "Mwenzio katukanwa mbele ya watu, wewe unauliza kofia."

"Nauliza tu. Ni hatua kwenye kazi yake. Mimi siku zote nimejali kazi yake."

"Ndiyo, umeijali." Mama Beryl aliweka uma chini. "Alipotimiza thelathini magazeti yakaanza kumkimbia, ukamfanya aimbe. Mtoto hana sauti, tangu shule hana sauti. Ukamfanya auze mkanda wa video wa mazoezi ya kupunguza tumbo, na yeye tumbo hajawahi kuwa nalo. Ukampeleka Clacton akawa jini kwenye michezo ya watoto jukwaani, watoto wenye mafua wanamzomea mchana na jioni. Mwisho ukamweka kwenye meza ya maonyesho ya magari, anasaini picha zake kwa vikongwe, na wewe umeshika kiboksi cha hela."

"Vilikuwa vipindi vya mpito."

"Kazi ya kwanza aliyojitafutia mwenyewe ni hii ya wafu. Na tangu aipate sijamsikia akilia bafuni. Kula samaki wako, Clive."

Clive alikula, lakini hakuwa na raha. Kila mara alipita ulimi juu ya meno yake. Wiki ile yalikuwa yamebadilika, yamekuwa meupe kama sinki jipya, na alipoulizwa alisema ni dawa mpya ya mswaki.

*

Alhamisi mchana simu ya nyumbani ililia, Mama Beryl akaipokea. Lorraine aliingia kutoka kazini akamkuta bado ameshika kipokeo, amekiziba kwa kiganja.

"Kuna msichana anamtaka Cherry. Nimemwambia Cherry amekufa, ananiuliza lini."

Lorraine alichukua simu. Msichana alijitambulisha kwa jina la Saskia, kutoka gazeti moja la Jumapili, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya muuza nyumba. Alitaka tu kuthibitisha saa ya kesho. Mpiga picha angesimama ng'ambo ya barabara, wala hangemsumbua mtu, angepiga mbili tatu za Cherry na kofia. Clive alikwisha kuwaeleza yote, na alikuwa mtu mzuri sana, Clive. Je, ni kweli kwamba yeye Cherry huwa anawazungumzisha wafu?

"Nani kasema nawazungumzisha?"

"Clive."

"Clive amelipwa kiasi gani?"

Upande wa pili msichana alipima kwanza kama jibu litamgharimu. "Mia nane. Nilidhani mnajua wote."

Clive alikuwa sebuleni, na bila shaka alisikia kila neno, kwa sababu televisheni ilikuwa imezimwa sauti.

"Ningekuambia," alisema kabla hajaulizwa.

"Lini?"

"Likishatoka. Ukiona limetoka vizuri ungefurahi. Lorraine, hii ndiyo hadithi bora tuliyowahi kuwa nayo. Kutoka kalenda hadi jeneza! Watu wa televisheni nao wamenusa. Mtu hawezi kulipanga jambo kama hili, limejileta."

"Hela iko wapi?"

Clive alifunga mdomo. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujibu bila kuufungua, aliufungua, na Lorraine akaona hela ilipo. Ilikuwa yote mdomoni, juu na chini.

"Kwa ajili ya televisheni," alisema Clive. "Nao watataka kunihoji."

Mama Beryl, mlangoni, alicheka hadi akalazimika kukaa. Lorraine hakucheka. Alivaa koti lake tena, akarudi kwa Bwana Pym kumwonya, kwa sababu lilikuwa jambo la haki, na kwa sababu bado alidhani haki ikitendwa kuna mtu huiona.

Bwana Pym alikuwa anafunga ofisi. "Huwezi kuwazuia?"

"Kama ningeweza kumzuia mume wangu, ningemzuia mwaka tisini na moja."

"Basi usije kesho. Hata simu usijibu. Kaa nyumbani hadi nikuite."

*

Maziko yalifanyika bila yeye. Dereva wa gari la maiti alimsimulia baadaye. Bwana Pym alitembea mbele na kofia, kwa mwendo wa bata aliyeshiba. Mpiga picha, mtu mwenye upara na raba za rangi ya chungwa, alipoona aliye chini ya kofia si mwanamke, alivuka barabara akaingia katikati ya wafiwa. Akamwendea wa kwanza aliyekuwa karibu, naye alikuwa Bi Hatherley.

"Samahani mama, Cherry yuko gari gani?"

Graham alimshika mtu yule shati, akamwachia. Ni kweli hasira ilimpanda, lakini kamera ilikuwa kubwa, na Graham alikuwa na biashara.

Picha yake mpiga picha aliipata Jumamosi asubuhi, Lorraine akitoa mapipa ya taka, gauni la kulalia chini na koti la mvua la Clive juu. Jumapili ilitoka. Ya mapipa ilikuwa ndogo kama stempu. Ya zamani, ya miaka ishirini na mitatu iliyopita, ilijaza ukurasa, nyota mbili zimebandikwa pale ambapo zamani hawakubandika kitu. Kichwa cha habari kilikuwa WAFU WENYE BAHATI. Desmond Hatherley alitajwa kwa jina lake kamili, pamoja na gereji, pamoja na kalenda, na rafiki mmoja wa familia ambaye hakutaka kutajwa alisema mzee alikuwa shabiki mkubwa.

Canvey magazeti yalikwisha kabla ya saa nne. Kila aliyelinunua alisema amelinunulia matokeo ya mpira. Kanisani wanawake walisema ni aibu, wakaulizana ukurasa wa ngapi. Kwenye baa wanaume walililaza juu ya kaunta, wakapima picha ya sasa kwa picha ya zamani kama wanavyopima magari, na mmoja ambaye mkewe alikuwa taabani hospitalini alisema kwa sauti kwamba angependa kujua bei ya mazishi. Hawa ndio majirani waliokuwa wakimwambia Lorraine habari za asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Jumatatu asubuhi walimwambia tena, vilevile, ila macho yalishuka kidogo kabla ya kurudi.

*

Jumatatu Bwana Pym alimwita. Lorraine alikwenda na begi tupu la kubebea vitu vyake: vikombe viwili, viatu vya mvua na brashi zake za rangi. Alikuta mezani keki na ile kofia ndefu. Bwana Pym alikuwa anatabasamu.

"Kaa, kaa. Unajua simu imelia mara ngapi tangu jana? Watu kumi na mmoja wanataka kulipia mazishi yao mapema. Kumi na mmoja, Lorraine. Kwa kawaida napata wawili kwa mwezi, na mmoja wao hubadili mawazo."

"Wanaume?"

"Wateja." Alimkatia keki. "Wanachouliza ni kimoja tu, kama wewe ndiye utakayewashughulikia. Nimewaambia bila shaka. Nimefikiri, kuanzia sasa utakuwa mbele. Kila maziko. Kofia ni yako. Mshahara tutauongeza. Ila suruali, hapana. Sketi, ya heshima lakini sketi. Na rangi kidogo ya mdomo. Hakuna ubaya mtu akiondoka duniani na kitu kizuri mbele yake."

"Na Bi Hatherley?"

"Kaandika barua. Kali. Lakini maziko yake yamekwisha, hana mume mwingine."

Lorraine alimtazama. Alikuwa amewajua wanaume wengi wenye kamera, wenye mikataba, wenye mikono, na kwa miaka miwili alimhesabu mzee huyu kuwa wa kabila lingine, kwa sababu ya sauti yake ya chini na kucha zake safi. Sasa alimwona vizuri. Alikuwa kama wenzake, ila yeye alikuwa na subira.

"Zile pauni ishirini ulimpa nani?"

"Pauni zipi?"

"Za kijana aliyemnyoa Desmond."

Bwana Pym alikohoa, akaangalia keki. Mkono wake ulielekea kwenye mfuko wa kizibao, ukaishia njiani, ukashika kisu.

"Tutaziingiza kwenye nyongeza," alisema.

Lorraine alipakia vikombe, viatu na brashi. Kofia aliiacha juu ya meza, keki aliiacha kwenye sahani. Mlangoni Bwana Pym alimwambia, kwa sauti ileile aliyowaambia wajane, kwamba afikirie vizuri, kwani kwa umri wake na historia yake milango haikuwa mingi. Lorraine alimjibu kwamba hata ule mmoja haukuwa mlango.

Nyumbani alimkuta Clive akisogeza kochi ili mwanga wa dirisha umpige upande wa kulia. Watu wa televisheni walikuwa wanakuja Jumatano.

"Nimeacha kazi," alisema Lorraine.

Clive alikaa kwenye kochi, nusu mwangani. "Umeacha? Kabla ya Jumatano? Sasa watapiga picha nini?"

"Watakupiga wewe. Umeshajiandaa. Ila si hapa. Nyumba hii ni yangu, niliinunua kwa kifua changu mwenyewe, kama unavyopenda kuwaambia watu kwenye baa. Nenda kwa kaka yako kule Benfleet."

"Lorraine. Mimi ndiye niliyekutengeneza."

"Mama ndiye aliyenitengeneza. Wewe ulibeba begi."

"Nitakula nini?"

"Chochote kigumu," alisema Mama Beryl kutoka jikoni. "Una meno."

Aliondoka Jumanne na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilijaa picha za Cherry zilizokwisha kusainiwa, mia tatu na kitu, akitumaini bei itapanda.

*

Wiki mbili baadaye Lorraine alivuka daraja kwenda hospitali kubwa ya bara, ambako mochwari ilikuwa inatafuta mhudumu. Aliyemhoji alikuwa mkuu wa pale, Bi Philomena Osei, mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Mghana aliyemaliza miaka ishirini na sita chini ya jengo lile. Ofisi haikuwa na dirisha. Bi Osei alisoma fomu polepole, kidole kikifuata mistari.

"Nyumba ya mazishi miaka miwili. Kwa nini uliondoka?"

"Walitaka nivae sketi."

Bi Osei aliandika kitu. "Kabla ya hapo umeacha wazi. Miaka ishirini na mitatu wazi."

Lorraine alikuwa ameandaa jibu, kitu fulani kuhusu matangazo. Usiku kucha alikuwa amelisema mbele ya kioo. Sasa alilitazama jibu lile likamchosha.

"Nilikuwa napigwa picha matiti nje. Magazeti na kalenda. Halafu nikafanya vitu vingine vya kijinga. Wiki mbili zilizopita wameniandika tena, pengine umeona."

"Magazeti ya Jumapili sisomi. Niko kanisani hadi saa nane."

"Nilitaka ulisikie kwangu kwanza."

"Nimelisikia." Kidole kilikuwa kimeshuka mstari unaofuata. "Sasa nakuuliza, kuna kitu chochote kitakachokuzuia kufanya kazi hii?"

Kwa miaka yote ile Lorraine aliulizwa swali hilo kwa njia nyingi, na jibu lilikuwa moja, na lilikuwa limekwisha kutolewa.

"Nimekwambia," alisema taratibu. "Watu wataniona. Kuna wafiwa watakaonijua."

Bi Osei alivua miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayekadiria kabati.

"Mama, mimi nauliza mambo ya mgongo. Hapa tunanyanyua watu wa kilo mia na thelathini, na mashine imeharibika tangu Februari. Una mgongo?"

"Ninao."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi vua hereni," alisema Bi Osei, akisimama. "Kuna wawili wamekuja asubuhi hii, hawajaoshwa."